Siku Jirani Alipopalilia Bila Kuitwa

Juzi nilipita Mvumi, nikasimama pale lilipokuwa shamba la bibi, na kabla sijafuta jasho pua ikanikumbusha mlenda. Wewe uliyekulia huku utanielewa. Mlenda wa bibi ulivutika bwana. Ukichovya tonge la ugali wa uwele ukaliinua, uzi wake ungefika Mpwapwa bila kukatika.

Msimu wa palizi ukoo wetu ulikwenda shamba kwa shamba. Leo kwa bibi, kesho kwa mjomba, na yeyote aliyepalilia akala chungu kimoja na wenzake, zamu ya shamba lake lazima ifike. Ila zamu hizo zilikuwa za ndugu wa damu tu. Jirani yetu, mjane kutoka Kigoma, alikuwa peke yake na watoto wawili wadogo, na magugu yalishaanza kuupita uwele wake. Kwetu mvua haimsubiri mtu. Wiki moja zaidi, angevuna nyasi.

Asubuhi moja akatokea shambani kwa bibi na jembe lake. Hakuna aliyemwita. Akatoa shikamoo, akashika mstari. Mimi nilikuwa msichana wa kubeba maji, na naapa alimaliza mistari minne mjomba akiwa bado anatemea mate viganjani.

Chakula kilipoiva, mjomba akamchokoza. "Shemeji, wewe umezoea samaki wenu wa migebuka. Mlenda huu utakushinda."

"Nipishe ninawe, baba. Wewe limekushinda jembe."

Watu wakacheka mpaka kunguru wakahama. Mjomba akamgeukia bibi. "Mama, huyu akila hapa, kesho itabidi twende kwake. Na si mtu wetu."

Bibi akasogeza chungu mbele ya mgeni. "Kesho basi uje na jembe lenye makali," akamwambia mjomba. "La leo limetuaibisha."

Tukaenda wote kwake, mjomba akinung'unika njia nzima. Uwele ule ukapona. Msimu uliofuata ni yeye mjomba aliyesimama shambani akiuliza kwa hasira mbona yule wa Kigoma hajafika.

Sasa pale pana nyumba za bati jekundu, kila moja na geti lake. Anayetaka palizi hukodi vibarua, na chungu kile cha wengi kimekwisha. Nakikumbuka, lakini sina wasiwasi. Watu tuliowahi kuupanua ukoo tutaupanua tena. Jirani yule alipofariki tulimzika kwenye makaburi ya ukoo wetu, na katika vijana waliochimba kaburi, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba aliwahi kuwa mgeni.