Efraimu Amerika na Mwiko wa Pongo

Makambako yote ilimjua kwa jina la Efraimu Amerika, naye alilipenda jina hilo kuliko la ukoo wake. La ukoo alisema amelizika Bama.

Aliondoka Kifanya akiwa kijana wa kuchunga ng'ombe wa baba yake, akaenda vitani Bama na jeshi la Keya la Waingereza, na huko akawakuta askari weusi wa Kimarekani wakichonga barabara msituni. Weusi kama yeye, lakini wanaendesha matingatinga, wanavaa viatu vya kung'aa, wanatafuna kitu kisichomezwa. Mmoja wao alimwambia kwamba kwao hawaulizi baba yako ni nani, wanauliza unaweza kufanya nini. Efraimu aliyapokea maneno hayo kama mtu aliyeonyeshwa mlango. Hakumwuliza yule askari kwa nini basi kikosi chao kilikuwa cha weusi watupu na wakubwa wao wote weupe. Mtu akishapenda, chongo huita kengeza.

Vita ilipokwisha alirudi na kofia ya upande, akafungua hoteli pale njia panda ambapo malori ya Songea na ya Mbeya hupishana. Aliuza chai, maandazi na mchuzi wa nyama, na ukutani akaandika kwa chokaa: HOTELI AMERIKA. Kazi aliiweza, tusimnyime haki yake. Aliamka kabla ya majogoo, alifagia mwenyewe, na ulanzi hakuugusa, kwa kuwa mlevi haendelei. Wazee wakimwamkia kwa jina la ukoo alijifanya hasikii. Watu walimcheka tu, mpaka siku alipokula nyama ya pongo, mnyama wa jamii ya swala, mbele ya wateja wake, akisema hana mwiko.

Hapo kicheko kilikatika. Wabena, wenyeji wa nchi ile, hata wale waliobatizwa na kuimba kwaya, kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu ambacho wenyewe hawali. Mgeni akifika huulizwa mwiko wake kabla chakula hakijaingia, asije akalishwa nduguye. Tena watu wa mwiko mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana, na ndugu hawaoani. Mwiko wa akina Efraimu ulikuwa pongo. Baba yake, mzee Abrahamu, alikufa hajasema naye tangu siku ile.

Lakini Efraimu alikuwa na sababu nyingine ya kula pongo, na hiyo haikutoka Marekani. Alikuwa amempenda Tabea, binti wa mzee Danieli wa kanisa la Kifanya. Walijuana kwenye mkutano wa kwaya Njombe, na walipokuja kuulizana mambo ya kwao wakagundua kwamba kwa Danieli nako pongo haliwi. Ndipo Efraimu alipokula pongo hadharani.

“Baba akikuuliza,” Tabea alimwambia siku nyingine, “sema unavyosema siku zote. Kwamba huna.”

Akasema. Danieli alimsikiliza mpaka mwisho, maneno yote ya kujitengeneza mwenyewe na dunia mpya. Koo za Wabena ni nyingi na majina yanafanana. Baba yake Efraimu alihamia Kifanya ukubwani na hakuwahi kula kwa Danieli, kwa hiyo Danieli hakuijua asili yake.

“Mtu asiye na mwiko simkatai,” alisema Danieli. “Ila simjui. Nitampaje binti mtu nisiyemjua? Huenda ni mwanangu.”

Jambo likakwama hapo mwaka mzima.

Ndipo alipokuja Bwana Toliva. Alikuwa mwalimu kutoka Marekani, mweusi ti, Mlutheri, amevaa suti na miwani, ametumwa kutazama shule za misheni. Alipofika Makambako alikwenda kwanza kwenye nyumba ya wageni ya Wazungu. Mwenye nyumba alimtazama, akatazama pasi yake ya kusafiria, akamtazama tena, akasema vyumba vimejaa. Hakukuwa na gari hata moja uani. Toliva akavuka barabara na begi lake mpaka Hoteli Amerika, akayacheka maandishi ya ukutani, akaagiza chai.

Efraimu nusura adondoshe birika. Huyu ndiye shahidi aliyekuwa akimhitaji! Mtu mweusi, msomi, anayeitwa Bwana, asiye na ukoo wala mwiko, na aliyefika mbali kiasi kile. Danieli angemwona kwa macho yake. Efraimu alijitolea kumpeleka Kifanya na kumtafsiria, na hakutaka hata asante.

Toliva alikagua shule, akaimbiwa, na jioni akaalikwa kula kwa mzee wa kanisa, Danieli. Walikaa sebuleni. Jikoni kulinukia kuku na njegere, lakini hakuna kilicholetwa, kwa kuwa Danieli alikuwa hajauliza.

“Kamwene, mgeni wetu,” alisema Danieli. “Mwambie, Efraimu: kwao mwiko wao nini?”

Efraimu alijibu bila kutafsiri. “Hawana, mzee. Nilikwambia. Kule mtu ni yeye mwenyewe.”

“Nimemwuliza yeye.”

Akatafsiri. Alieleza vizuri, maana alitaka jibu litoke vizuri: ukoo, mnyama, kutokula, na kwamba ndivyo mtu anavyojulikana ni wa nani. Toliva alisikiliza huku mikono iko magotini. Kisha akasema taratibu, na Efraimu akawa anafuata nyuma yake kwa Kiswahili.

“Anasema hajui. Anasema walionunuliwa hawakuulizwa. Anasema bibi yake alizaliwa utumwani, na hakula sungura maisha yake yote. Hata njaa ikiwa kali. Walimcheka. Walipomwuliza sababu alisema mama yake hakula. Zaidi ya hapo hakujua.”

Danieli aliinuka kidogo kwenye kiti. “Sungura?”

“Sungura.”

“Basi mwambie anao. Mwambie wapo watu wa sungura hata huku, mimi nimewahi kula nao. Mwenye ukoo amepotea njia tu, ukoo haukupotea.” Akamwita mkewe aliyekuwa jikoni, “Dorika! Mgeni wetu hali sungura. Lete kuku.”

Efraimu aliyatafsiri hayo, na Toliva akalia. Hakujificha. Alilia kidogo mbele ya watu, akajifuta, akasema jambo moja zaidi, akimgeukia Efraimu mwenyewe.

“Anasemaje?” aliuliza Danieli.

“Ananiuliza mimi. Anasema, wewe uliyezaliwa hapa hapa, mwiko wako nini.”

“Nami naliuliza hilo hilo,” Danieli alisema. Alitaka kuongeza kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Akamtazama mgeni, akalimeza.

Tabea alikuwa amesimama mlangoni ameshika birika na beseni, amekuja kunawisha. Alimtazama Efraimu. Neno la kujibu lilikuwa dogo, Efraimu alikuwa amelisema mara nyingi, hata kwa wapita njia wa malori: sina. Alilifungulia kinywa. Lakini Mmarekani alikuwa anamngoja kwa macho ya mtu mwenye njaa anayetazama mwenzake akimwaga chakula, na Efraimu akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Ilimwuma kweli.

“Pongo,” alisema.

Akalisema tena kwa Kiingereza, mgeni asikie.

Danieli aliinuka, akaja mpaka alipoketi Efraimu akamshika bega. Uso wake haukuwa na ushindi wowote.

“Kumbe ni mwanangu,” alisema. “Mwaka mzima unakuja kwangu kama mgeni. Tabea, mnawishe kaka yako.”

Toliva alikuwa anatabasamu, amefurahi, hajui. Hakuna aliyemtafsiria.

Tabea alipiga magoti na beseni. Maji yalikuwa ya moto kuliko kawaida, na aliyamimina polepole juu ya mikono ya Efraimu bila kumtazama usoni.

“Nawa, kaka,” alisema.

Hoteli iliendelea, na jina lake pale ukutani halikufutwa. Tabea aliolewa mwaka uliofuata na fundi seremala wa Mjimwema. Wakwe walipokuja kusema maneno yao, Danieli alikuwa ameugua kifua, hana sauti. Kwa hiyo wakamkuta Efraimu amekaa kwenye kiti cha ndugu wa mke, amevaa koti safi. Yeye ndiye aliyewauliza mwiko wao, na waliposema si pongo, yeye ndiye aliyejibu kwamba basi, mwanamke mchukueni.