Mkono Unaokataa Kuachia

Misuli yangu ikishika kitu kwenye baridi, haiachii. Si woga, si uchawi, wala si pombe. Nilizaliwa hivyo, na ni daktari mmoja tu wa Nyeri aliyewahi kuniambia kwamba ugonjwa huu una jina. Mikono hujifunga, kisha hufunguka polepole ikipata joto.

Sasa niambie, mtu kama huyo afanyeje kazi mahali ambapo lazima umsalimie kila mtu kwa mkono? Huku kwetu ukimnyima mtu mkono, umemtukana yeye na mamake.

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa mwalimu wa majaribio katika shule moja karibu na Kiganjo. Kila asubuhi mwalimu mkuu aliniona nikikumbatia kikombe cha uji moto kabla ya kushika chaki. Nilikuwa nimemweleza siku ya kwanza kabisa. Alisema, “Hiyo si shida, mwalimu.”

Mwezi wa saba, ukungu umejaa uwanjani, akaja inspekta wa kuamua kama nitaajiriwa au nitarudi kwetu Kangema kuchuma majani chai. Akanyoosha mkono. Nikaushika, na wangu ukajifunga.

Alivuta. Akavuta tena. Watoto mstarini wakaanza kucheka.

“Wewe mwalimu, ati umekunywa asubuhi mapema hivi?” inspekta akauliza.

Nikamtazama mwalimu mkuu. Neno moja tu lingetosha. Aliufyata, akaangalia viatu vyake! Na ni mzee wa kanisa, huyo. Nilimchukia siku hiyo na bado sijamaliza.

“Sijakunywa,” nikasema kwa sauti ya darasani. “Mkono huu una ugonjwa tangu nizaliwe, na mkuu wangu anajua. Twende darasani uone kama kichwa nacho kinaumwa.”

Nikamkokota kama mbuzi wa sokoni, shule nzima ikitazama. Nikaanza hesabu za kugawanya, yeye kando yangu ubaoni, chaki nimeishika kwa mkono wa kushoto. Watoto walijibu kila swali. Ndipo nikamwachia.

Alinipitisha. Lakini kabla ya kuondoka alitoa kitambaa, akajipangusa vidole kimoja kimoja mbele yangu.

“Pole, mwalimu,” akasema. “Kumbe huo ugonjwa huchukua muda mrefu hivyo kuachia.”

Mkono wangu ulikuwa umefunguka tangu tulipofika mlangoni. Muda wote ule darasani nilikuwa nimemshika mwenyewe, kwa hasira zangu.