Waya Uliokatika Kila Papa Asani Alipoingia

Aibu yenyewe bado mbichi, lakini acha niiseme. Kila Papa Asani, mzee wa kuleta barua kutoka Lubunga, alipoingia ofisini kwetu Makiso, mtandao ulikatika. Kila mara! Mimi fundi wa kompyuta nilisimama, nikampa mkono kwa heshima, huku moyoni nikichemka. Niliamini anakanyaga waya wa mtandao pale mlangoni. Nikamshtaki kwa chef, mkubwa wetu wa kazi, naye akamkataza kuingia. Mzee akawa anatoa barua dirishani, nami nazipokea nimekaa, na mtandao ukatulia. Nikajiona bingwa.

Papa Asani akalalamika, chef akataka ushahidi. Basi nikaandika programu ndogo kwa lugha ya C, ya kusikiliza kernel, ule moyo wa mfumo wa kompyuta. Waya ukiachia, kernel inatoa habari, na programu inaandika CHINI. Ukishika tena, JUU.

Chef, ambaye huwa hashuki kwetu, akashuka kuona. Nikasimama kumpokea. CHINI.

Nikageukia mlango. Hakuna mtu. Papa Asani alikuwa nje, dirishani, na barua zake.

Nikakaa nimechanganyikiwa. JUU.

"Simama tena," chef akasema.

CHINI.

"Kaa."

JUU.

Chef akainama chini ya meza. Waya ulikuwa umezunguka mguu wa kiti changu. Kila nilipokisukuma nyuma ili nisimame, niliuvuta.

Dirishani, Papa Asani akakohoa kidogo.

"Bon, chef. Mi naweza ingia sasa? Ila yeye asisimame."