Tonge la Saa Sita

Mkwe wangu Volkmar anafagia mabomba ya moshi. Hapa kijijini kwetu Weiherlohe, ukikutana na mfagiaji asubuhi ukamgusa koti lake jeusi, siku yako imenyooka. Mimi nimemgusa kila siku kwa miaka kumi na minne, ndiyo maana bado nina meno manane. Wengine wanasema sita. Shule niliipita kwa nje nikichunga bata bukini wa baba, kwa hiyo hesabu yangu ni ya bata bukini.

Mtu huyu, ambaye saa moja asubuhi yuko juu ya paa la mtu, aliambukizwa ugonjwa wa huku kwetu. Kila Julai mashindano ya michezo mitatu hupita mbele ya lango letu. Wanaogelea karibu kilomita nne kwenye mfereji wa meli, wanaendesha baiskeli kilomita mia na themanini, halafu, kana kwamba hawajatosheka, wanakimbia arobaini na mbili. Kazi yetu sisi ilikuwa kutoa meza barabarani, kunywa bia na kuwagongea vifuniko vya sufuria. Mwaka juzi Volkmar aliweka glasi yake chini akasema, "Mwakani na mimi." Tukacheka. Yeye hakucheka.

Akaanza. Jogoo wetu aliacha kuwika kwa aibu, maana kila akitoka bandani alimkuta Volkmar amekwisha rudi. Aprili alipoingia mferejini mara ya kwanza, masizi ya miaka ishirini yalimtoka kwa pamoja, maji yakawa meusi, na meli ya kokoto ikasimama hadi saa nne asubuhi ikidhani jua limezama.

Hayo ndiyo ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni ya binti yangu Heidrun, mkewe, ambaye ni muuguzi wa zamu za usiku hospitali ya mjini. Yeye akiingia, mumewe anatoka. Nimewaona wakibusiana mlangoni, mmoja kavaa kofia ya baiskeli, mwingine kabeba mkoba wa kazini, kofia ikamgonga mwenzake kwenye paji la uso, kila mtu akaenda zake. Na Jumapili, ambayo huku saa sita kamili tonge la viazi, zito, kubwa kama ngumi, linatakiwa liwe mezani, na nyama ya kuoka, na mchuzi, na watu wote, Volkmar alikuwa vilimani na baiskeli yake. Heidrun alimwekea sahani hivyo hivyo. Mjukuu wangu Jorinde, wa miaka saba, aliizoea ile sahani tupu akawa anaweka mifupa yake humo.

Siku moja nikamuuliza Heidrun, "Wewe unataka nini kwa huyu mume?"

"Nataka akae, Mama."

"Akae afanye nini?"

"Akae tu. Hata akinuna."

Hakumkataza, lakini. Alichoomba ni kimoja. Mwisho wa mashindano, zikibaki kama hatua mia mbili, watu wa familia huruhusiwa kuingia njiani na kumaliza na mtu wao, mkono kwa mkono. "Nimempa Jumapili zangu za mwaka mzima," aliniambia. "Anipe hizo hatua mia mbili."

Shida ilikuwa zamu. Jumapili ile ya mashindano wodi nzima iliomba ruhusa, maana nani huku hana mkimbiaji au meza barabarani? Na Heidrun ruhusa zake alizimaliza kumwachia Volkmar nafasi ya mazoezi. Basi lake lilikuwa la saa moja jioni.

"Nitafika saa kumi na mbili na nusu," Volkmar alisema.

"Ukichelewa?"

"Sitachelewa."

"Dereva wa basi hamjui mume wangu, Volkmar."

"Nimesema sitachelewa, mke wangu."

Siku ikafika. Kuna sheria kwamba mshindani hali ila chakula cha meza za mashindano. Cha ndugu zake ni mwiko. Heidrun aliniambia mara tatu. "Mama, usimpe kitu."

"Mimi nimpe nini?" nikasema, sahani iko mkononi.

Saa sita kasoro kidogo akatokea kwenye kona, mzunguko wa pili, anakwenda kama upepo. Naapa sikusema neno. Nilifunua kifuniko tu, mvuke utoke. Akaona kiti chake, akamwona Heidrun, akamwona Jorinde na mchuzi kidevuni. Akashika breki. Akaegemeza baiskeli kwenye ua, akaketi.

"Volkmar, nenda," Heidrun akasema.

"Naenda." Akakata tonge.

"Unaenda lini?"

"Nikimaliza hili."

Heidrun akacheka, kisha akaacha kucheka, akamwekea mkono shingoni penye jasho, akauacha hapo. Jirani yetu Ottmar akapaza sauti kutoka meza ya pili, "Wewe masizi, wenzako wamepita!"

"Waache wapite, wanakwenda kwa mama zao," Volkmar akamjibu, mdomo umejaa.

Dakika kumi na mbili walikaa hivyo. Mimi sikuwatazama, nilitazama mchuzi. Ndipo mwamuzi akafika na pikipiki.

"Hiki ni nini?"

"Chakula cha mchana, baba," nikamwambia. "Karibu, limebaki moja."

"Huu ni msaada wa nje. Atasimama dakika tano kwenye hema la adhabu."

"Kwa tonge moja?"

"Kwa tonge moja, bibi."

"Angekula mawili je?"

Akaitazama sahani, na nawaambia, alimeza mate.

Jioni tulisimama pale penye hatua mia mbili, mimi, Jorinde na Heidrun, sare yake mkobani. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Saa moja kasorobo ikapita. Kila kilipotokea kwenye kona kichwa chenye upara kama cha Volkmar, Heidrun alinyanyuka kwa vidole vya miguu, kisha akashuka.

"Piga simu hospitali," nikasema. "Sema unaumwa."

"Mwenzangu Traudl yuko peke yake wodini tangu asubuhi, Mama." Akakiweka kiganja cha Jorinde ndani ya changu. "Mwambie nilisubiri."

Akaondoka akitembea kinyumenyume, mpaka watu wakamficha.

Volkmar alitokea saa moja na dakika tisa, kajishika ubavu. Lililokuwa humo ubavuni nalijua mimi. Akatutazama, mmoja, wawili.

"Ameshaondoka?"

"Alisubiri," nikasema.

Akasimama katikati ya njia. Jorinde akamvuta. Na mimi nikakimbia, tena nikawapita Wadenmaki wawili, mkitaka waulizeni. Wakamvika nishani. Picha ile ipo: sisi tunatazama mbele, yeye anatazama pembeni, walikosimama watu.

Kwenye gari nikamwambia, "Ni tonge langu lililokuchelewesha."

"Hapana, Mama. Niliketi mwenyewe." Tukavuka daraja la mfereji. "Nikiwa barabarani naitamani meza. Nikiwa mezani naitamani barabara. Leo mchana, zile dakika, sikutamani kitu."

Jumatatu saa mbili asubuhi, bustanini mjini, hufunguliwa meza ya kuandikisha watu wa mwaka unaofuata, na nafasi huisha upesi. Watu hupanga foleni na miguu yao ya magogo. Volkmar alikuwa jikoni tangu saa kumi na mbili. Heidrun akarudi, akavua viatu vya kazini, akamimina kahawa vikombe viwili, akaketi karibu naye. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini.

"Nenda basi," akamwambia. "Utawahi."

"Nikirudi utakuwa umelala."

"Nitakuwa nimelala, ndiyo."

Volkmar hakuinuka. Alikunywa kahawa yake polepole, macho dirishani, kule ilikokuwa barabara. Kengele ya kanisa ikapiga saa mbili. Chini ya meza, mimi niliyekuwa nafagia nikaona, vidole vya miguu yake vilikuwa havitulii, vinakimbia vyenyewe. Heidrun akanyoosha mguu wake mtupu, akauweka juu ya miguu ya mumewe.

Nikachukua ufagio nikaenda kufagia uani.