Redio ilimtaja baba yangu kwa jina, na yeye amevaa earphone

Wakuu, salaam kwenu wote. Hili lilinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu, na sitatia chumvi.

Baba yangu, Mzee Baluku, anaishi peke yake Maliba, chini ya milima, na shamba lake linashuka hadi mtoni. Zamani redio yake ilikuwa haizimwi. Matangazo ya vifo, bei ya kahawa, mahubiri. Ukikohoa wakati wa habari unatolewa nje!

Halafu zikaja simu za memori kadi. Nikamnunulia moja mjini Bwera, dukani wakaijaza kwaya, mahubiri na vipindi vya zamani.

Mzee akapenda mno. Anachagua mwenyewe, anarudia anapotaka. Redio ikapanda juu ya kabati. Na ili tusimkatize kwa kupiga simu, akajifunza flight mode, simu isipatikane. (Nani alimfundisha, mpaka leo hatujui.)

Mimi ni dereva wa lori. Mchana mmoja niko Kikorongo, mbali na nyumbani, nakunywa chai, redio ya hoteli ikakata muziki ghafla. Mvua kubwa milimani, mto umeanza kubeba mawe, watu wa Maliba walio karibu na maji watoke sasa hivi.

Nikampigia baba. Hapatikani.

Nikarudia. Hapatikani.

Wakuu, kwa lori nisingewahi, na namba ya jirani yeyote sina.

Nikapiga kituo cha redio. Bize. Bize. Mwishowe mtangazaji akapokea.

"Ndugu yangu, baba yangu hasikilizi redio siku hizi. Lakini labda jirani anasikiliza. Mtaje kwa jina, tafadhali."

Akamtaja palepale, live: "Jirani ya Mzee Baluku wa Maliba, nyumba ya mabati ya bluu, kimbia umutoe! Mzee hasikii redio!"

Hoteli nzima ikageukia redio. Mimi nawaza: nani bado anasikiliza? Hata ndani ya lori langu ni memori kadi tu.

Tukakaa tukisubiri. Hakuna aliyegusa chakula.

Kisha ikaingia namba ngeni. Mama Biira, jirani yake, anahema:

"Baba yako iko na mimi hapa juu, kwa kanisa. Nilimukuta amefunga macho anaimba na kwaya! Nikavuta ile waya kwa masikio, nikamwambia, Mzee, maji inakuja!"

Nyuma yake nikamsikia baba: "Mwambie jiko imeenda. Na mbuzi."

Nililia mbele za watu, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: sisemi tutupe simu, kujichagulia ni raha. Ila kwaya ya kwenye kadi haiwezi kukatizwa ili mtu akuambie kimbia. Mzee bado ana kadi yake, lakini mvua ikishika milimani anakwenda kukaa kwa Mama Biira, redio ikiwa imewashwa.

Nyie wenzangu, kwenu kuna nani ambaye angesikia? Semeni hapa chini, nasoma zote.