Bodi Mbaya ya Badria

Badria alirudi kazini Jumatatu, siku mbili baada ya kumaliza eda ya kufiwa na mumewe, Abdulmalik. Alikuwa fundi wa elektroniki kwenye maabara ya kupima vumbi la viwandani, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Wenzake walimpa pole. Akaitikia "nimeshapoa", akaketi akitazama feni ikizunguka.

Mfumo waliokuwa wakiujenga ulitegemea FPGA, chipu inayopangwa kwa programu ili iendeshe leza, pampu na vali kwa wakati mmoja. Chipu ilikuwepo. Kilichokosekana ni bodi ya kati, ile inayotoa pini zake nje ili nyaya za vifaa zipate pa kushika.

"Chipu zilikuwa mbili," alisema Aaron, fundi mwenzake, sauti imemshuka. "Wewe ukiwa nyumbani nilichomeka waya wa pampu mahali pa leza. Umeme ukarudi hadi kwenye chipu, ikafa. Hii ndiyo ya mwisho."

Zamani Badria angemfokea mpaka mlinzi wa chini asikie. Safari hii alitafuta hasira, akaikosa.

"Sawa. Ilikuwa pini ipi?"

Aaron aliona afadhali angetukanwa.

Mkuu wao, Dokta Nurdin, alimwonyesha Badria picha ya bodi ya kuagiza nje, nyembamba, nadhifu, yenye plagi ndogondogo. "Mimi nimeipenda hii. Ila utaamua wewe."

Badria akasoma maelezo yake yote. Pini zilitoka moja kwa moja hadi kwenye plagi, bila kinga yoyote katikati. Akaenda Kariakoo kwa miguu, kwa Bushiri, muuza vipuri wa Mtaa wa Aggrey.

"Dada Badria! Pole sana jamani. Bwana Abdulmalik alikuwa mtu wa watu."

"Nimeshapoa. Nionyeshe bodi zenye skrubu za kukazia nyaya."

Bushiri akavuta moja kutoka chini ya rafu, kubwa kama sinia, rangi imepauka. Kila njia ilikuwa na kichipu chake kinachopitisha ishara kwa mwanga, umeme wa upande mmoja usiguse wa pili. Na kila kichipu kilikaa kwenye soketi, kinang'oka kwa kucha.

"Hii mbaya, itakujazia meza," Bushiri alisema.

"Upande wa chipu inakubali volti tatu nukta tatu?"

"Inakubali."

"Kwa leza hivi vitachelewa. Una vya kasi vinavyoingia soketi hizihizi?"

Alikuwa navyo vinne. Vilitosha.

"Mbona umeacha ile nzuri?" Dokta Nurdin aliuliza bodi ilipofika maabara.

"Mtu atakosea tena, Dokta. Hata mimi siku hizi nasahau mambo. Nimechukua ambayo tukikosea kitakufa kitu kidogo."

Alhamisi asubuhi kila waya ulikuwa umekazwa.

"Aaron, weka wa pampu mahali pa leza. Kama siku ile."

"Dada, chipu hii ndiyo ya mwisho!"

"Weka."

Akaweka. Kukasikika mlio mdogo kama bisi ikipasuka, kisha harufu ya plastiki. Badria akakata umeme, akarudisha waya mahali pake, akang'oa kichipu kilichoungua na kupachika kingine. Akawasha. Leza ikawaka, vali zikafunguka kwa zamu. FPGA ilikuwa nzima.

Aaron akacheka, kisha akajifuta macho. Dokta Nurdin akapiga makofi. Badria aliwatazama kama watu walio nyuma ya kioo. Alijua kwamba jambo jema limetokea, basi.

"Hujafurahi, dada?"

"Sijui, Aaron. Inafanya kazi."

Mfumo ule unaendelea hadi leo. Badria mwenyewe alilia miezi mitatu baadaye, sokoni Mchikichini, akichagua viatu vya mtumba, bila kuelewa kilichomwanzisha. Muuzaji, mama asiyemjua, alimsogezea kigoda, akaendelea kuwahudumia wengine mpaka Badria alipomaliza kulia.