Mzamiaji Aliyetoka Mugeta

Burito kwao ni Mugeta, kwa wafugaji, ambako maji mengi wanayoyajua ni ya lambo la ng'ombe. Mpaka leo sijaelewa ilikuwaje mtu wa kule ndiye anaitwa na kisiwa kizima cha Rukuba wavu ukinasa chini. Mwenyewe anasema alikuja kumsalimia shangazi yake, Shida, akae wiki moja. Wiki ikawa miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza kupanda mtumbwi alianguka. Wakamtafuta mpaka wengine wakaanza kulia, halafu akaibukia upande wa pili anauliza nani amekufa. Kuogelea alikuwa hajui. Pumzi tu anayo, sijui aliitoa wapi.

Kazi yake iko hivi: wavu ukishika kwenye mawe, mwenye wavu anamwita, anazama, anaunasua, anapewa samaki au hela. Asipoitwa, hali.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya Lucy, dada mmoja wa Dar anayetengenezaga filamu za viumbe wa majini. Bahari alishaimaliza, akataka ziwa letu. Tulikutana stendi ya Musoma, mimi nimetoka Bunda kutafuta kibarua, akaniuliza kama namjua mtu anayejua chini ya maji. Nikasema namjua. Nilikuwa simjui. Tulivyofika kisiwani ndo nikaanza kuulizia.

"Unaitwa nani?" Burito akaniuliza.

"Clever."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha pili, nikaacha."

"Basi hilo jina uwarudishie waliokupa."

Lucy alitaka kitu kimoja: furu jike akiwa na watoto mdomoni. Furu ni hawa samaki wadogo tunaowakaangaga bila hata kuwaangalia. Kumbe mama anawalea watoto mdomoni, siku zote hizo hali. Akiona pametulia anawatoa wacheze, akishtuka wanarudi ndani. Burito alikuwa anaujua mwamba wao. Akizama pale anasubiri kwanza mama awakusanye wote, ndo anagusa wavu. Nikamuuliza nani alimfundisha hivyo.

"Ng'ombe mwenye ndama unampitia ghafla?" akasema.

Tatizo lilianzia kwenye nguo. Lucy alikodi boti ya injini kubwa, akatuvalisha wote majaketi okozi mapya ya rangi ya chungwa. Sasa huku ziwani, jaketi jipya na injini kubwa ni doria tu, wale wanaokamata nyavu haramu. Mitumbwi miwili ilivyotuona ikakata kamba za nyavu, ikakimbilia Majita. Na mbele kabisa kwenye boti yetu kasimama Burito, ananyoosha kidole. Alikuwa anaonyesha mwamba.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwita. Siku nne. Nyavu zilikuwa zinanasa, tunawaona wanazivuta mpaka zinachanika, lakini yeye wanampita tu. Hata mama wa chai akamwambia, "Shemeji, ya wasaliti imeisha." Chupa imejaa, tunaiona.

Burito akamwambia Lucy, "Waonyeshe ulichopiga. Waone ni samaki."

Zilikuwa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaendi kazini, kwa hiyo mchana banda la kuonyeshea mpira likajaa. Makoye, tajiri mwenye mitumbwi sita, akakaa mbele na karanga zake.

Mwanzoni ilikuwa raha. Sato akapita.

"Huyo kilo mbili," mmoja akasema.

"Kilo mbili ukimpima na wewe."

Halafu akaja furu. Mama akafungua mdomo, watoto wakatoka kama moshi. Mzee mmoja akasema, "Na mimi nimekula wangapi hawa." Nikaona Burito anatabasamu, nikajua yameisha.

Kamera ikaanza kupanda. Nyuma ya mwamba kulikuwa na timba, ule wavu wa nailoni uliokatazwa, na picha ikaufuata mpaka juu, kwenye boya lake. Dumu la bluu, limefungwa kitambaa cha kijani. Ziwani kila tajiri ana alama yake, na kijani ni ya Makoye, hata watoto wanajua. Mimi wa Bunda ningejuaje? Hiyo picha niliiona mara tatu. Burito wavu aliujua, ila hakujua kamera ilifika kwenye dumu.

Makoye hakufoka. "Burito, ulisema samaki."

"Ni samaki, tajiri."

"Na hilo dumu linatembelea mapezi?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha.

Burito akamgeukia Lucy. "Dada, futa."

"Ndiyo picha niliyoijia, kaka. Siku kumi na moja."

"Naelewa. Futa."

Lucy akaniangalia mimi. Sijui alitaka nitafsiri nini, wote wanaongea Kiswahili. Akafuta, wanaume wamesimama nyuma yake wanahakikisha. Akatoka nje bila kuaga.

Makoye akamalizia karanga. "Kesho asubuhi nitolee huo wavu. Umenasa toka wiki jana."

Basi, Burito kaitwa.

Asubuhi nikampigia Burito kasia, Makoye yuko kwenye mtumbwi wake, Lucy kabaki anafunga mizigo. Burito akazama. Nikachungulia majini, sioni kitu, nawaza tu. Wavu ukitoka, furu wanapona. Lakini Makoye ataushona, atautega tena, labda hapo hapo. Na picha ambayo ingewafanya watu wawaonee huruma haipo. Kila nikipanga, inapanguka.

Akaibuka na wavu mzima. Kulikuwa na furu jike mmoja kashikwa, bado anapumua. Burito akamchomoa taratibu, kamfumba mdomo kwa vidole viwili, akamshusha chini ya maji kabla ya kumwachia.

"Kafuru kamoja unakabembeleza hivyo?" Makoye akasema, akamrushia sato wawili.

Burito akawachukua.

Tukiwa tunarudi nikamuuliza, "Sasa tumewasaidia au tumewaharibia?"

"Akina nani?"

Upande wa pili mvuvi mmoja, Ryoba, alikuwa kasimama kwenye mtumbwi wake anapunga shati, wavu umemnasia.

"Geuza," Burito akaniambia, akaanza kuvua fulana.